Droo ya Gavana Ilikuwa na Funguo Mbili

Kwa Akonkwa, njia ya bandarini,
Rumonge, Burundi.
Jumapili, tarehe 21 Septemba 2003

Kwa Dada Pascasie,
Ulyankulu, Tabora.

Mpendwa dada yangu Pascasie,

Amahoro, dada. Nakusalimu kama mgeni aliyesimama mlangoni kwako asijue kama ataambiwa karibu. Hali yako? Kile kikohozi cha mwaka jana kimekuachia? Shemeji, magoti yake yanamruhusu kwenda shambani? Nasikia mjukuu wako wa pili ameanza kutembea. Mbebe kidogo kwa niaba ya bibi yake mdogo wa Rumonge ambaye hajamwona.

Sisi huku tunapumua. Mama miguu imevimba na macho yamefifia, lakini bado anakaa kwenye mkeka mbele ya nyumba akichambua ndagala, maana vidole vyake vinatofautisha jiwe na samaki bila msaada wa macho. Anakutaja kila siku. Mume wangu Akonkwa hajambo, anakwenda na kurudi na magunia yake. Binti yetu Keren amefaulu mtihani wa darasa la sita, na amekuwa mrefu kunipita.

Vita bado iko. Mwezi uliopita bunduki zililia upande wa milimani, tukahamia uwanja wa kanisa siku nne, kisha tukarudi. Barabara ya Bujumbura inafunguliwa kwa msafara tu; magari yanakusanyika, yanasubiri askari, halafu yanaondoka pamoja. Yakifika Gitaza, ambako huviziwa, abiria wote wananyamaza, hata wachanga, kana kwamba wameambiwa.

Barua yako ilinifikia mwezi wa nane, mkononi mwa mfanyabiashara wa mawese aliyetoka Kigoma. Nimekaa nayo wiki tano. Kila nilipochukua kalamu nilikumbuka sahani chafu.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, ni lini Kaka Hyacinthe ataapishwa kuwa gavana mara ya pili, maana huko kambini mmeshasikia na mmeshaimba, nawe unataka kurudi umwone siku hiyo. La pili, kwa nini yeye mwenyewe anakuandikia mistari minne tu: niko salama, sali. Yote mawili jibu lake ni moja, na jibu hilo ni mimi. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na usiisome kwa sauti mbele ya wanawake wa jumuiya kama ulivyozoea.

Hukumwona akikua, kwa hiyo niruhusu nianze mbali.

Mwaka 1972 mlipokimbia mauaji, wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, yeye kumi na mmoja, mimi sita. Alikuwa amelala kwetu na homa siku ile mtumbwi ulipojaa, na mama yako, dada wa mama yangu, akalazimika kuchagua. Mama alimficha nyuma ya mapipa ya mawese siku kumi na moja. Homa ilipomtoka alikuwa mtoto mwingine. Hakulia wala hakuuliza baba yuko wapi. Alianza kubeba. Maji ya nyumba alibeba yeye, kuni yeye, na mimi mgongoni nikichoka njia ya shule. Siku nilipovunja chungu cha Mama alisema amekivunja yeye, akachapwa, akanikonyeza jicho. Nilikua nikijua kwamba kosa langu lina mahali pa kukaa, na mahali penyewe ni mgongo wa Hyacinthe.

Alisomea kilimo, akarudi kuwa bwana shamba wa michikichi. Alizunguka Gatete yote kwa miguu akiwaonyesha watu miche mipya, viatu mkononi ili visiharibike. Watu walimpenda kwa sababu alikula kwao bila kuchagua. Mwaka 1993 wakampa uongozi wa komini, wilaya yetu hii ndogo. Mwisho wa mwaka huohuo vita ikaanza, na wenye akili wakavikimbia vyeo. Yeye mwaka uliofuata aliitwa Bujumbura, akarudi gavana wa mkoa. Mama alilia, na hakikuwa kilio cha furaha. Alisema, "Wamempa mtoto wa dada yangu nyumba inayoungua, naye ataingia."

Akaingia kweli. Ilitokea Hiace moja ilichomwa kati ya Kabezi na Gitaza, wachuuzi wakaogopa barabara, soko likakauka. Hyacinthe aliiacha gari ya serikali, akapanda Hiace ya abiria, akabanana na akina mama na vikapu vyao, kila Jumatatu, kwenda na kurudi. Mkubwa wa askari alimfuata akamwambia, "Muheshimiwa, wakikuua sisi tutajibu nini?" Alimjibu, "Mutajibu kwamba gavana alikuwa anakwenda kazini kama wengine."

Tena askari walifunga ziwa kwa kuogopa wanaovuka na silaha. Watoto wakaanza kuvimba miguu kwa kula majani ya muhogo matupu. Alikwenda pwani, akaketi juu ya kapu lililopinduliwa, akasema haondoki mpaka mitumbwi iingie majini. Alikaa siku nzima juani. Mwishowe wakampa siku tatu kwa wiki, asubuhi mpaka saa sita. Zilikuwa chache, lakini watu wanaozikumbuka bado wapo hai, na wako hai kwa sababu yake.

Kasoro zake sitakuficha. Alikuwa mkaidi. Akishaamua mtu huyu ni mwema, au huyu ni mbaya, alifunga dosye yake, yaani faili lake, moyoni na hakuifungua tena. Wala hakupenda kuuliza. Labda tangu yale mapipa ya mawese alijifunza kwamba ukiuliza utajibiwa.

Ofisi kubwa ya mkoa ilikuwa milimani, lakini yeye alisema watu wa ziwa hawatawaliwi kutoka juu ya mlima. Akafungua buro ndogo hapa Rumonge, vyumba viwili, akawa anakaa siku tatu kwa wiki. Aliniweka mimi kwenye mashine ya kuandikia. Na planto, yaani mtu wa kufungua milango, kupeleka barua na kupika chai, akamweka Muzee Radjabu wa mtaa wa Waswahili.

Nataka umjue Radjabu. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mwembamba, kofia nyeupe, koti la kaki ambalo mkewe Warda alilipiga pasi kila asubuhi, hata siku za bunduki. Alikuwa akigonga mlango kabla ya kuingia chumba ambacho yeye mwenyewe amekifungua na anajua hakina mtu. Nilimcheka siku moja. Akaniambia, "Mama Keren, kiti cha mukubwa nacho kinapewa heshima."

Muhuri wa gavana ulikaa kwenye droo ya meza yake. Droo ilikuwa na funguo mbili: mmoja kwangu, mmoja kwa Radjabu. Hyacinthe mwenyewe hakutaka ufunguo. Alisema akiwa na watu wawili kama sisi, ufunguo wa tatu ni matusi.

Sasa nakuja kwangu, dada.

Siku zile hukuweza kuvuka ziwa bila karatasi ya ruhusa yenye muhuri na sahihi ya gavana. Ya kwanza nilimwandikia Mwavita, mwanamke wa Kongo aliyekuwa akianika ndagala, mtoto wake anatapika damu, naye aliambiwa kuna daktari Kigoma anayeweza kumponya. Gavana alikuwa Bujumbura na msafara haukurudi siku nne. Nilifungua droo. Nilichukua kalamu yake nikaandika sahihi yake, ambayo nilikuwa nikiiona mara hamsini kwa siku. Mtoto yule alipona. Kama mambo yangeishia hapo, leo ningekuandikia kwa kujisifu.

Hyacinthe aliporudi sikumwambia. Nilijisemea nitamwambia kesho. Halafu wakaja wengine, na hawakuja buro, walikuja jikoni kwangu. Waliniita Mama Gavana. Walileta kuku, walileta dumu la mawese, mmoja alileta kitenge ambacho unakiona kwenye ile picha yangu niliyokutumia. Wengine walikuwa na shida ya kweli. Wengine sikuwauliza. Niliandika karatasi kumi na nne. Kwa Mwavita nilisukumwa na huruma. Hao kumi na watatu niliwaandikia kwa sababu nilipenda kuonwa kuwa mtu.

Mwezi wa pili 1996 doria ilisimamisha mtumbwi karibu na Gitaza. Chini ya magunia ya ndagala kulikuwa na risasi. Mwenye mzigo aliruka majini na hakuibuka tena. Koti lake lilibaki, na mfukoni kulikuwa na karatasi yangu. Alikuwa mtu aliyeletwa jikoni kwangu na mwanamke aliyesema ni kaka yake. Sikumbuki hata sura yake.

Siku ya pili walimchukua Hyacinthe. Siku hiyohiyo wakatuchukua na sisi, mimi na Radjabu, kila mmoja chumba chake.

Aliyenihoji hakunigusa. Aliniletea hata kiti. Akaniuliza, "Muhuri unashikwa na nani?"

Nikasema, "Unakaa kwenye droo."

"Na droo inafunguliwa na nani?"

Hapa ndipo, dada. Miaka saba imepita na bado nasimama hapa. Ningeweza kusema: mimi. Nilimfikiria Keren, ana miaka sita. Nilifikiria yule aliyezama ziwani. Nikasema, "Planto ana ufunguo."

Sikusema ni Radjabu aliyeandika. Kwa miaka mingi nilijishikilia hapo: sikusema uongo, ufunguo kweli alikuwa nao. Lakini ule wa kwangu sikuutaja, na yule mtu hakuniuliza zaidi. Aliandika neno hilo moja, akanifungulia mlango, nikaenda nyumbani kupika.

Radjabu walikaa naye wiki tatu. Kisha ghafla wakamwachia, na tukasikia kwamba gavana amekiri. Amesema, "Sahihi ni yangu, nilimpa karatasi yule mtu bila kumchunguza." Akahukumiwa. Cheo kikaisha, nyumba ya serikali ikaisha, na mchumba wake wa Bujumbura, ambaye tulikuwa tumeshampelekea posa, akaolewa kwingine.

Mimi niliamini anajua. Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo palipooza. Niliamini ameiona ile sahihi, ameujua mkono wangu, na amebeba kama alivyobeba kile chungu. Kila Jumapili niliyoweza kupata gari nilimpelekea chakula jela. Alikuwa akinitabasamia kupitia waya, akiuliza Mama hajambo, Keren anasoma. Nilidhani lile tabasamu ni msamaha. Nikaupokea kama nilivyopokea kuku wa watu.

Radjabu naye alikwenda. Alitoka wiki tatu zile sikio moja halisikii na mgongo umepinda, lakini alipoweza kutembea alivaa koti lake, akabeba sambusa za Warda, akapanda msafara. Hyacinthe alikataa kutoka kumwona. Alimtumia mlinzi na maneno haya: "Mwambie arudi kwa watoto wake, asije tena." Radjabu alirudi na sambusa zake. Alikwenda mara tatu.

Kaka aliachiwa mwaka 2001, mwezi wa kumi na moja, serikali ya mpito ilipoingia. Watu walimpokea sokoni Rumonge kwa vigelegele. Nilikuwa nyuma yake nimeshika mfuko wake. Radjabu alijipenyeza, akavua kofia, akanyoosha mikono yote miwili. "Shefu, karibu nyumbani." Hyacinthe alimtazama, kisha akageuka akamsalimu mtu wa pembeni. Ile mikono ilibaki hewani. Radjabu alijifanya anarekebisha kofia.

Jioni ile alinifuata nyumbani. Hakuingia, alisimama kizingitini. Akasema, "Mama Keren, wewe ni wa damu yake. Niambie. Shefu nimemukosea nini?"

Dada, wakati ule nilielewa. Sitakudanganya kwamba nilielewa mwaka huu. Nilielewa pale kizingitini, kwamba si mimi ambaye Hyacinthe alimbeba; kosa alimdhania Radjabu. Nikamjibu, "Muzee, jela inabadilisha watu. Muachie wakati."

Akanishukuru, "Murakoze, mutoto wangu." Akaenda.

Alimuachia wakati. Mwezi wa kwanza mwaka huu alikufa kwa mafigo yaliyoharibika katika wiki tatu zile. Mtaa wote wa Waswahili ulimzika, na sisi Wakristo wengi tulikwenda. Hyacinthe hakwenda. Alikuwa Gatete, nusu saa kwa baiskeli, akikamua mawese.

Mwezi wa sita walikuja wajumbe watatu kutoka Bujumbura. Wanatafuta magavana ambao watu wa pande zote wanaweza kuwasikiliza, na kila walipouliza huku pwani walitajiwa jina moja. Tatizo, walisema, ni ile dosye ya mwaka 1996. Mtu aliyekiri kutoa karatasi kwa mwenye risasi hawezi kuapishwa hivihivi. Kama kuna shahidi anayejua jambo jingine, ajitokeze. Hyacinthe aliwaambia hakuna shahidi.

Nililala na neno hilo miezi miwili. Ndipo barua yako ikafika, unasema mnaimba. Nikajipangia hivi: nikisema, atarudishiwa kiti chake, dada yake atarudi, na mimi nitakuwa nimelipa. Unaona? Hata katika kutubu nilikuwa natafuta kuonwa.

Nilikwenda Gatete Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu. Nilimkuta kwenye pipa la kukamulia, anasukuma mti akizunguka, shati limelowa mafuta. Alifurahi. Alinitolea kigoda. Nilikaa, nikasimama, nikasema nikiwa nimesimama.

"Kaka, zile karatasi niliandika mimi."

Hakuacha kusukuma. "Karatasi gani?"

"Za kuvuka ziwa. Zote. Hata ya yule wa Gitaza. Sahihi ni mkono wangu."

Mti ukasimama. Aliniuliza polepole, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu, "Na Radjabu?"

"Radjabu hakujua kitu."

"Waliniambia wewe umetaja ufunguo wa planto."

"Niliutaja. Wangu sikuutaja."

Aliketi chini, palepale kwenye makapi ya chikichi. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Chumba alichowekwa kilipakana na cha Radjabu. Wiki nzima alimsikia akilia kupitia ukutani, akiapa kwamba hajui. Naye Hyacinthe alikuwa na sababu ya kutomwamini: wiki moja kabla, Radjabu alimwomba karatasi ya mpwa wake wa Kigoma, naye akamnyima. Akafikiri, muzee amejipa mwenyewe kile nilichomnyima, kisha akauzia wengine. Lakini ana watoto saba. Ndipo akawaita walinzi akasema, mwacheni, sahihi ni yangu.

"Sabine," aliniambia, "miaka mitano na miezi mule ndani nilikula kitu kimoja tu. Nilijisemea, nateseka kwa ajili ya masikini mwenye kosa, nimemsamehe. Kila asubuhi nilimsamehe. Nilijiona mtu mzuri sana. Kumbe nilikuwa namsamehe mtu ambaye hakunikosea, na mkono wake nimeukataa mbele ya soko zima."

Nikapiga magoti. Nikasema, "Nisamehe mimi."

Akasema, "Wewe nitakusamehe, sijui lini. Radjabu nimwombe wapi?"

Alinawa mafuta mikononi kwa majivu, akavaa shati kavu, akachukua baiskeli. Nilidhani anakwenda kwa wajumbe. Alikwenda kwa Warda.

Nilimfuata kwa miguu, nikafika mambo yameshasemwa. Warda alikuwa amekaa barazani, hajalia. Hyacinthe alikuwa amekaa chini yake, kwenye ngazi. Warda alinitazama nikikaribia, akasema, "Basi ni wewe." Nikasema ndiyo, nikaanza, dada yangu Warda. Akanikata. "Mimi sikuombei mabaya. Mungu anakujua. Lakini dada usiniite."

Hyacinthe alimuuliza anataka nini kwetu. Hakutaka kitu cha kushika. Alisema, "Mume wangu aliondoka hapa watu wanamunong'oneza. Walisema gavana hamusalimii, basi iko jambo. Watoto wangu wamenyimwa wachumba kwa neno hilo. Mulimuchafua mbele ya watu, mumusafishe mbele ya watu."

Ijumaa ya tarehe kumi na mbili, watu walipotoka kuswali, tulisimama kwenye uwanja ulio nje ya msikiti, mimi na Kaka. Shehe aliwaomba watu wasiondoke. Hyacinthe alisema kwa Kiswahili cha hapahapa, sauti ya mikutano ikiwa imempotea. Alisema Radjabu hakuwa na kosa. Alisema, nilikuwa gavana wenu, na mtu mmoja aliyenitumikia kwa uaminifu nilimhukumu bila kumuuliza swali hata moja. Kisha akanipa zamu. Nilisema jina langu na nilichofanya. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Sauti! Hatusikii!" Ikabidi nianze tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Hakuna aliyenirushia jiwe. Waliondoka mmoja mmoja, wakipita kando yangu kama maji yanavyopita kando ya gogo. Mwanvua, binti mkubwa wa Radjabu, alibaki, akamshika Hyacinthe mkono kwa mikono yake miwili. Wangu hakuushika.

Jumanne iliyofuata wajumbe walirudi. Habari zilikuwa zimewafikia, na walifurahi: dosye imesafishika, shahidi amepatikana. Nilikuwa nimeshaandika maelezo yangu, nikayatia sahihi yangu ya kweli, nikawakabidhi. Wakamwambia Hyacinthe ajiandae kuapishwa.

Aliwakatalia.

Mkubwa wao alishangaa. "Muheshimiwa, sasa huna doa."

Kaka akasema, "Zamani nilidhani doa langu liko kwenye karatasi, nikawa sina wasiwasi. Sasa nimeliona lilipo. Mnanipa mkoa wenye watu wanaoshutumiana kila kilima, wanaotaka mtu wa kuwauliza maswali. Mimi nilishindwa kumuuliza swali mtu aliyenipikia chai."

Wakambembeleza mpaka jua likageuka. Mimi pia nilimwomba, nikamwambia asiwaadhibu watu kwa kosa langu. Alinijibu kwa upole kwamba hilo ni lake, nisilichukue na hilo. Kiti amepewa mwingine, mtu wa milimani ambaye sijamjua. Huenda ni mwema.

Ndiyo habari, dada. Hakuna kuapishwa. Nilikwenda kumrudishia kaka yako kiti, na kwa maneno yangu kikamponyoka mara ya pili. Na kile kimoja kilichomlisha jela nimekichukua pia. Watu wa pwani wamepoteza mtu aliyekaa juani kwa ajili yao. Mimi nasubiri kuitwa Bujumbura kuhusu maelezo niliyoandika. Akonkwa amesema nikifungwa atamlea Keren, na hajasema zaidi. Tunakula sahani moja lakini hatutazamani. Mama nimemwambia mwenyewe. Aliendelea kuchambua ndagala, kisha akauliza, "Warda ana kuni?" Nikampelekea kuni. Alizipokea bila kuniambia karibu.

Nilimwomba Hyacinthe akuandikie haya, kwa kuwa ni wewe uliyebaki naye wa tumbo moja. Akasema, "Mwandikie mwenyewe. Mimi nikikuandika sasa hivi nitakuonea." Kwa hiyo kama kuna mahali nimejipunguzia, ujue hakuna aliyenisahihisha.

Usiache kuja. Njoo kwa ajili yake, njia ikifunguka, hata kama hakuna sherehe. Na mimi ukitaka kunitukana, nitukane kwenye karatasi, ila uniandikie. Usinitumie msamaha wa haraka. Sitajua pa kuuweka.

Msalimie shemeji sana, na wajukuu wako. Mpe pole Mzee Amisi wa jirani yako kwa msiba wa mkewe. Mama anakubariki, amesema niandike hivi alivyotamka: ziwa lililowatenga likuleteni. Keren anakusalimu, bado sijamweleza yote, nitamweleza wiki hii. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na aipe Burundi amani kabla Mama hajafumba macho.

Jana saa kumi Hyacinthe alipita mbele ya nyumba na baiskeli, anatoka kwa Warda kumtengenezea paa. Alisimama njiani. Aliuliza Mama anaendeleaje. Nikamwambia amelala, nikamwambia aingie. Akasema, "Siku nyingine." Akapanda baiskeli, akaenda. Nimeyarudia maneno hayo mawili tangu jana, dada, na sijui kama siku hiyo ni ya kumwona Mama au ni yangu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pasipo kustahili,
Sabine